Kujiandikisha kwa GP Ukiwa Huna Makazi, Ili Upate Chanjo

Ndugu yetu anayelala nje London au Birmingham mara nyingi hajakataa chanjo. Amekwama mapokezi, alipoulizwa, "Unaishi wapi?" Basi tuanzie hapo. Haya ni ya England tu. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Chagua kliniki ya GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaani, iliyo karibu na unapolala au unapopata chakula, uombe fomu ya kujiandikisha. Kujiandikisha ni bure, na kwa mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya umma, si lazima uonyeshe pasipoti, bili ya umeme wala hati za uhamiaji. Wapo wahudumu wasiolijua hili, na wapo wanaolijua wakaomba vilevile. Usigombane nao. Waambie huna makazi ya kudumu, na fomu uijaze.

Sehemu ya anwani usiiache wazi. Andika ya rafiki, ya kituo cha mchana unakooga na kunywa chai, au omba kutumia ya kliniki yenyewe, inaruhusiwa. Ila barua zako upitie kuzichukua, na ukibadilisha laini ya simu warudie uwaambie.

Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi. Wanatakiwa kukuandikia ndani ya siku 14, na nionavyo mimi, kalamu ikishatajwa sauti hupungua. Lugha ikikushinda, omba mkalimani wa Kiswahili. Hulipi.

Ukishasajiliwa usingoje kualikwa: omba miadi na muuguzi. Kadi ya kliniki ya utotoni ilibaki Tanga au Bukavu? Haidhuru, asiye na kumbukumbu huhesabiwa hajachanjwa, akaanza upya. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ni dozi 2, bure hata kwa mtu mzima. Ya mafua hutolewa kila mwaka kwa wajawazito, wenye kisukari, waliofikisha miaka 65 na wengineo. Anayejidunga dawa za kulevya aulizie ya homa ya ini B, tena aombe ratiba fupi: dozi ya kwanza, ya pili siku 7 baada ya hiyo ya kwanza, ya tatu siku 21 baada ya hiyo hiyo ya kwanza, kisha ya nne ikifika miezi 12. Kwa mtu asiyejua mwezi ujao atalala wapi, wiki 3 zinawezekana.

Ukihamia mji mwingine kabla ya kumaliza dozi, jiandikishe kwa GP wa huko kwa jina lilelile na tarehe ileile ya kuzaliwa, ili faili lako likufuate.