Kadi kwanza, spana baadaye: kurudisha namba ya asili ya gari la zamani Uingereza

Kama umenunua gari la zamani la wazi hapa Uingereza, limelala ghalani tangu miaka ya sabini, na muuzaji amekwambia "kadi ilipotea, utaomba nyingine", soma haya kabla hujafungua hata nati moja. Nimemaliza shughuli hii juzi tu. Ilinichukua miezi kumi na mmoja, na karibu mitano kati ya hiyo niliipoteza kwa sababu ya kipande cha bati kisichozidi kiganja changu.

Gari lenyewe ni MGB ya 1964, la kampuni ya Kiingereza ya MG, viti viwili, turubai juu. MGB zilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha na zile za GT zenye paa la bati zilitoka zaidi ya 500,000. Ndiyo maana nililichagua: vipuri havikusumbui. Vizingiti, mabawa, sakafu, kila kitu kinauzwa, na tangu 1988 hata bodi nzima mpya inachapwa. Kumbuka hilo, kwa sababu wingi huo wa vipuri ndio uliokuja kunikwamisha.

Anza kwa kujua gari lako liko kundi gani. Ingiza namba yake kwenye huduma ya kuangalia magari ya tovuti ya serikali. Likionekana, una bahati: jaza V62, fomu ya kuomba kadi, lipa pauni 25, usubiri kadi mpya, yaani V5C, ije kwa posta. Ruka sehemu kubwa ya haya, nenda moja kwa moja kwenye kodi.

Lisipoonekana, sababu ni hii. Zamani kila halmashauri iliandikisha magari yake yenyewe, kwa kalamu, kwenye madaftari yake. Kazi ilipohamishiwa kwa DVLA, mamlaka ya kuandikisha magari iliyoko Swansea, wenye magari walitakiwa kuyaingiza kwenye kompyuta, na mwisho uliwekwa tarehe 30 Novemba 1983. Gari lililokuwa limefunikwa turubai ghalani, mwenyewe kazeeka au kafariki, halikuingizwa. Kwa mfumo wa leo gari hilo halipo, na namba yake haina mwenyewe mpaka uthibitishe kwamba namba hiyo na bodi hiyo vilikuwa pamoja tangu mwanzo. Njia ya kuthibitisha ni fomu V765. Usipofaulu, DVLA itakupa namba nyingine inayolingana na umri wa gari. Gari litatembea, lakini ile namba iliyoingia nayo barabarani mwaka 1964 itakuwa imekufa. Mimi sikuwa tayari kuiacha ife.

V765 inataka vitu vitatu: ushahidi wa maandishi unaounganisha namba ya gari na namba ya chesisi, picha za gari lilivyo sasa, na saini ya klabu ya wenye magari inayotambuliwa na DVLA. Pamoja nayo unajaza V55/5, fomu ya kuandikisha gari lililotumika.

Ushahidi wa maandishi ulio bora kuliko wote ni kadi ya zamani, ile RF60. Ni kijitabu cha kukunja. Ndani yake kuna namba ya gari, chesisi, injini, rangi, na majina ya wenye gari mmoja baada ya mwingine, kila kuhama kukigongwa muhuri wa halmashauri. Yangu niliipata kwa kumwomba binti wa marehemu aliyekuwa na gari atazame tena. Ilikuwa ndani ya bati la biskuti, chini ya risiti za matairi. Wino wa mmiliki wa kwanza ulikuwa wa buluu na bado unasomeka. Kwa hiyo usiondoke kwa muuzaji bila kuomba kwa adabu watazame kwenye madroo, kwenye masanduku ya picha, nyuma ya kabati. Watu hawa mara nyingi hawajui kwamba karatasi hiyo ina thamani.

Isipopatikana, yapo madaftari ya halmashauri yaliyonusurika. Mengi yalitupwa, lakini mengine yamo kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti, na mengine yanatunzwa na Kithead Trust, shirika la hifadhi ya nyaraka kule Droitwich. Ukiandika kuomba, sema unahitaji nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Picha ya simu ya ukurasa wa daftari haitakusaidia.

Karatasi ya pili ni cheti kutoka British Motor Museum, makumbusho ya magari kule Gaydon. Wao wana kumbukumbu za kiwanda, na kwa MGB cheti kinakuambia gari lilitengenezwa lini, lilitoka na rangi gani, injini namba ngapi, bodi namba ngapi, na lilipelekwa wapi. Cheti hiki peke yake hakiunganishi gari na namba ya barabarani, na wengi hukosea hapo. Ila kiagize siku ileile unayonunua gari. Mimi nilikiona ni pambo la ukutani, nikakiahirisha. Ndicho kilichokuja kuniokoa.

Sasa kile kibati.

Ndani ya boneti ya MGB kuna kibati chembamba chenye namba ya chesisi, kimefungwa kwa ribiti. Yangu inaanza na GHN3: G ni MG, H ni ukubwa wa injini, N ni gari la wazi la viti viwili, 3 ni toleo. Nilipokuwa naandaa sehemu ya injini kwa rangi, nilikitoa. Ribiti nikazikata kwa drili, nikazitupa. Kisha nikaona kibati kimechafuka, nikakipangusa kwa thina na pamba ya chuma. Rangi nyeusi iliyokuwa nyuma ya maandishi ikatoka yote. Zikabaki namba zilizogongwa, juu ya alumini inayong'aa kama sufuria mpya. Nilipomaliza rangi nikakirudisha kwa ribiti mpya, nikasimama mbele yake nikaridhika.

Mkaguzi wa klabu alipokuja alikagua gari kwa saa nzima, kwa upole kabisa. Alipofika kwenye kibati akanyamaza. Akatoa tochi. Akaniuliza kibati cha asili kiko wapi. Nikamwambia ndicho hicho. Akanieleza kwamba vibati vya kuiga vinauzwa, vinagongwa namba yoyote utakayo, na kwamba yeye akitia saini anaapa kwa jina la klabu kuwa bodi hii ndiyo ya namba ile. Mbele yake kulikuwa na kibati kinachong'aa, ribiti za mwezi uliopita, na rangi mpya kila mahali. Hakutia saini. Na hakukosea.

Hapo ndipo ilipojitokeza shida ya pili. Kadi ya zamani iliandika injini inayoanza na 18GA. Iliyokuwa ndani ya gari ni 18GB, injini iliyoanza kufungwa Oktoba 1964, yenye beringi tano za krenki badala ya tatu. Mtu fulani huko nyuma alibadilisha injini, jambo la kawaida kabisa kwa magari haya, kwa kuwa ile ya beringi tano ni imara zaidi. Kubadilisha injini si kosa. Kosa langu ni kwamba sikulisema mwenyewe, akaligundua yeye, tena baada ya kibati.

Usiku ule nilimpigia baba mdogo, Tanga, fundi bodi tangu mimi mtoto. Baada ya shikamoo nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, bodi unaweza kuichonga upya yote. Kibati hukichongi." Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: je, gari hilo halina namba nyingine ambayo sijaigusa?

Ilikuwepo. Karibu na rejeta kuna kibati kidogo cha namba ya bodi. Nilikuwa nimekifunika kwa utepe wakati wa kupiga rangi na sikukitoa. Niliagiza cheti Gaydon, nikasubiri, na kilipofika namba ya bodi iliafikiana na kibati hicho, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini kwenye cheti ikawa ileile 18GA ya kwenye kadi. Na cheti kilisema gari lilitoka kiwandani likiwa Iris Blue. Nililipaka rangi nyekundu, lakini nilipobandua mpira ndani ya buti, nyuma ya tairi la akiba, buluu ya kiwandani ilikuwepo, ukubwa wa sahani. Nikaipiga picha. Nikaambatanisha pia picha tatu za zamani nilizokuta kwenye simu, za siku nilipolinunua gari, kibati kikiwa bado na ribiti zake na kutu yake. Mkaguzi alirudi, akatazama vyote, akatia saini.

Kwa hiyo, siku gari linapoingia uani kwako, kabla ya kulifuta vumbi, piga picha hizi: kibati cha chesisi kikiwa mahali pake, kwa karibu na kwa mbali; kibati cha bodi; namba ya injini; pande nne za gari vibati vya zamani vya namba vikiwa bado vimefungwa. Ukilazimika kutoa kibati, weka ribiti za zamani kwenye bahasha, na usikiguse kwa thina. Mwite mkaguzi kabla ya rangi. Gari lenye kutu linajieleza lenyewe.

Klabu unayoitumia lazima iwe kwenye orodha ya DVLA inayoitwa V765/1. Ada zinatofautiana, na nyingine zinataka uwe mwanachama. Uliza kwanza.

V55/5 inaonekana ngumu kuliko ilivyo. Visanduku vingi ni vya magari mapya. Vinavyokuhusu ni aina, modeli, chesisi, injini, rangi ya sasa, ujazo wa injini (MGB ni 1798), tarehe ya kutengenezwa, na daraja la kodi, ambapo unaandika gari la kihistoria. Andika namba ya injini iliyomo ndani ya gari leo, si ya kwenye kadi, na weka barua ya mistari mitatu kueleza tofauti. Ambatanisha nakala ya leseni yako ya udereva. Piga nakala ya kila karatasi, kisha tuma Swansea kwa posta ya kusainiwa. Namba wakikurudishia, inakuwa ya gari hilo daima, huwezi kuihamisha wala kuiuza peke yake, na ndivyo inavyopaswa.

Kuhusu kodi. Gari lililotimiza miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara. Hesabu iko hivi: lililotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1985 lilisamehewa kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, na kila mwaka mstari unasogea. MGB zote zimeshavuka. Lakini msamaha haujileti. Kama V5C yako haijaandikwa daraja la kihistoria, nenda kwenye tawi la Posta linaloshughulikia kodi za magari ukiwa na V5C na ama cheti cha MOT, yaani ukaguzi wa gari wa kila mwaka, au fomu V112. Na kila mwaka unaendelea kuomba kodi hata kama unalipa sifuri.

Walio London, hili lisiwapite. Ukanda wa ULEZ, unaotoza magari yanayochafua hewa, tangu Agosti 2023 unafika mitaa yote ya jiji, pauni 12.50 kwa siku. Gari la daraja la kihistoria halilipi. Gari lilelile, umri uleule, likiwa na daraja lisilo sahihi kwenye kadi, linalipa.

V112 ni tamko kwamba gari halihitaji MOT. Tangu tarehe 20 Mei 2018 magari yaliyozidi miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo, mradi hayakubadilishwa pakubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Jaza, lakini lipeleke kukaguliwa hata hivyo. Gari bovu barabarani linaweza kukutoza hadi pauni 2,500 na pointi tatu kwenye leseni, MOT au bila MOT. Na zaidi ya faini, mimi sikuwa radhi kumpakia mke wangu kwenye gari ambalo breki zake nimezifunga mwenyewe bila jicho la pili. Mkaguzi wa MOT alikuta bomba moja la breki ya nyuma linalowa. Nilikuwa nimelipita mara kumi.

Bima tafuta ya magari ya zamani, yenye thamani mliyokubaliana kabla. Kampuni nyingi za aina hiyo zitakukatia kwa namba ya chesisi wakati namba ya gari haijatoka. Petroli weka E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia tano. Ile ya kawaida tangu 2021 ina ethanoli hadi asilimia kumi, na mipira ya kabureta za zamani haiivumilii.

V5C ilifika Jumanne. Jumatano nilipeleka kadi na leseni kwa mtengeneza vibati, nikachukua vile vyeusi vyenye herufi za fedha, vinavyoruhusiwa kwa magari ya kihistoria yaliyotengenezwa kabla ya 1980. Jumamosi tulishusha turubai. Mama watoto alijifunga kanga kichwani kwa ajili ya upepo, tukaenda polepole hadi Abingdon, maili sitini na kitu, kipima joto kikikaa katikati njia nzima. Tulipofika nilifungua boneti, nikagusa kibati. Kilikuwa cha moto, na ribiti zake zimekaza.