Ukimtembelea mzee anayeishi peke yake, anza na mfuko wa dawa

Tangu Septemba 2023 mikoba yetu wahudumu wa afya ya jamii hapa Kenya ina mashine ya presha na ya sukari, na wengi tukifika kwa mzee tunaikimbilia mashine. Iache kwanza. Kwa wazee ninaowatembelea huku Kilifi, kizunguzungu na kuanguka mara nyingi chanzo chake kimo ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa ukutani.

Hatua ya 1: Hodi, shikamoo, keti
Usitoe simu ukaanza kujaza fomu. Kama kuna mjukuu anayemjibia, mtume maji kisimani.

Hatua ya 2: Omba dawa zote
Sema zote: za hospitali, za dukani, alizopewa na jirani, na mitishamba. Zimwage kwenye mkeka mbele yake. Utakuta bahasha za kaki zilizofutika maandishi na vidonge vilivyochanganyika. Ukimwuliza "Bibi, dawa unameza vizuri?" atakwambia ndiyo, asikuvunje moyo. Shika moja moja: "Hii ya mwisho umemeza lini?"

Dawa za maumivu ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko zote. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani hupandisha presha, huumiza figo na huweza kuvujisha damu tumboni, na mzee mwenye magoti mabovu huzimeza kila siku. Halafu angalia dawa zinazorudiana: amlodipini kutoka zahanati na nifedipini kutoka kliniki nyingine ni dawa za presha za kundi moja. Dawa ya kukojoza nayo, akiimeza jioni, itamwamsha usiku kwenda chooni gizani. Kawaida humezwa asubuhi. Wengine huiacha kabisa siku ya safari kwa kuogopa aibu ndani ya matatu.

Wewe usimwachishe dawa wala kumbadilishia. Andika ulichokiona.

Hatua ya 3: Sasa pima presha
Akojoe kwanza, kisha apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelazwa juu ya kitu usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Msiongee, hata kama ana habari tamu. Pima mara mbili.

Kisha asimame, upime baada ya dakika 1 na tena baada ya 3, nawe ukae tayari kumdaka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mfundishe kuketi ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, na umjulishe muuguzi. Presha ikifika 180 kwa 120, na ana maumivu ya kifua, pumzi fupi, mdomo umekwenda upande au ulimi mzito, tafuta gari saa hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Jikoni na njia ya choo
Uliza jana usiku alikula nini, na kama meno yanatafuna. Tembea naye mpaka chooni, uone anapojikwaa.

Hatua ya 5: Pesa na usalama, mkiwa wawili tu
Akiwa na miaka 70 au zaidi, uliza kama yumo Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, na nani humchukulia pesa hizo. Uliza pia kama kuna anayemtisha. Huku kwetu wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba, kwa hiyo mtoto wake mwenyewe huenda asiwe wa kuambiwa. Kubaliana na mzee nani apewe habari: chifu, polisi, au jamaa anayemwamini. Jina lake lisiingie kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 6: Mpigie muuguzi ukiwa bado hapo
Weka spika, mzee asikie mwenyewe yanayosemwa juu ya dawa zake na aulize. Akishaelekezwa, chora jua kwenye bahasha ya asubuhi na mwezi kwenye ya usiku, kwa kalamu isiyofutika.