Bei ya mnada imekufikia kwa simu? Ikague kabla hujaibandika ubaoni

Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, mkulima wa Newala au Nachingwea hupata tangazo moja mara mbili: picha ya WhatsApp kwanza, karatasi ya ubao wa chama cha ushirika baadaye. Wengi huamini karatasi kwa kuwa ina muhuri. Lakini muhuri hunakiliwa kwenye barua ya zamani, ukapachikwa kwenye mpya, kisha ikachapwa. Karatasi ya namna hiyo haina heshima yoyote kuliko picha iliyoizaa.

Anza na njia iliyopita. Mishale miwili inayoonyesha ujumbe umesambazwa mara nyingi ina maana umeshapita gumzo tano au zaidi, kwa hiyo aliyekutumia siye mwandishi. Muulize kaupata kwa nani.

Kisha tazama ukurasa mzima: kichwa cha barua, Kumb. Na., tarehe yenye mwaka, jina na cheo cha aliyesaini. Picha iliyokatwa juu au chini ikatae hapohapo. Angalia pia mnada ni wa ngapi na wa chama kikuu kipi, maana bei ya TANECU si bei ya MAMCU, RUNALI wala Lindi Mwambao. Tangazo la msimu uliopita likifutwa tarehe hurudi likiwa jipya kabisa. Kwenye tovuti ya taasisi ya serikali, andika mwenyewe anwani inayoishia na .go.tz, usibofye kiungo ulichotumiwa. Simu nayo piga kwa namba ambayo chama kilikuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye tangazo.

Usichukulie uongo wa bei kuwa mzaha. Mkulima akiaminishwa kwamba bei imeporomoka, anayefaidi ni mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua nje ya mnada, aliyekaa na mizani yake kando ya njia.

Kosa linalozidi yote wala si la matapeli: bei ya juu ya mnada husomwa kama ndiyo bei ya kila mtu. Tangazo liandikwe bei ya juu, bei ya chini, daraja, na maneno "kabla ya makato". Tarakimu nazo huharibika njiani, kwani WhatsApp hubana picha, 3 ikafanana na 8. Tuma kama hati, si kama picha, na kila bei iandikwe pia kwa maneno.

Kwa bei, simu inafaa, sababu inawahi. Kwa vipimo vya salfa na dawa za ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), chapa. Uchambuzi wa tafiti 54 uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kuwa maandishi ya maelezo hueleweka vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa msomaji akiwa na haraka. Kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Na mpuliziaji wa alfajiri ana haraka. Hata hivyo, karatasi ikipingana na lebo ya dawa, fuata lebo.

Chapa kwa printa ya leza, kwa sababu wino wa maji huchuruzika mvua ikipiga ubao. Herufi za bei ziwe za ukubwa wa 24 au zaidi, maelezo 16. Karatasi moja, jambo moja. Chini andika kwa kalamu siku na saa ya kubandika na jina la aliyebandika. Ya zamani ibandue, usiifunike tu.

Risiti za mashine ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ni karatasi pia, ila maandishi yake hupauka kwa jua. Toa fotokopi siku hiyohiyo. Usizipitishe kwenye mashine ya kulaminetia: moto huzigeuza nyeusi zote.

Ujumbe wa simu unaohusu malipo usiufute hata ukishauchapa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini picha ya skrini peke yake ni rahisi kupingwa. Ujumbe wa awali ubaki kwenye simu iliyoupokea.