Jinsi ya Kutembelea Maeneo ya Historia ya Mzee Jomo Kenyatta: Kapenguria, Nakuru na Kisumu

Mwongozo huu unatokana na safari niliyompangia mjomba wangu wa Kisumu, ambaye amefuatilia habari za Mzee tangu akiwa shuleni.

1. Fuata miaka, si ramani. Anzia kwa mfungwa, ndipo uende kwa kiongozi wa nchi. Ukianza na Nakuru kwa sababu tu iko karibu, utasikia maneno ya msamaha kabla ya kuona kilichosamehewa.

2. Kapenguria. Ukifika Kitale, panda matatu ya Kapenguria, lakini fahamu kwamba nyingi hukomea Makutano, penye soko na maduka kwenye barabara ya Lodwar, ilhali makumbusho yako mbele kidogo, katika mji wenyewe. Mtajie mwendeshaji bodaboda makumbusho, wala usimwambie tu “Kapenguria”, kwani wengi huita hata Makutano kwa jina hilo.

Jambo la pili linalowachanganya wageni ni kudhani kwamba gereza na mahakama ni jengo moja. Makumbusho yamo katika gereza walimozuiliwa Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Kesi yao ya kushtakiwa kuongoza Mau Mau, iliyoanza Desemba 1952 na kuamuliwa Aprili 1953 kwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu, ilisikilizwa katika jengo la shule. Mwombe mwelekezi akueleze yote mawili, na umuulize pia kuhusu Oneko, aliyeshinda rufaa na bado akaendelea kuzuiliwa. Mimi hushauri uingie selini kabla ya kusoma maelezo ya ukutani, ukiwa na daftari badala ya simu, maana anayepiga picha huharakisha.

Lala Kitale, mawakili wa utetezi nao walilala huko.

3. Nakuru. Tafuta ukumbi wa zamani wa mji, ambamo mnamo tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, aliwahakikishia walowezi wa Kizungu kwamba wangeweza kubaki na kulima. Ikulu ya Nakuru si mahali pa watalii, kwa hiyo usiipige picha.

4. Kisumu. Mwambie dereva “Russia”, jina la mtaani la hospitali ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani. Rais alipokuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969, alirushiana maneno na Jaramogi hadharani, walinzi wakafyatulia umati risasi, na siku chache baadaye chama chake Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Wagonjwa wangali wanatibiwa humo, hivyo tazama ukiwa nje ya lango.