Kesi ya sufuria: namna ya kutunga mahakama ya runinga

Anza na kitu, usianze na mtu. Kwenye kikundi chetu cha maigizo hapa Kisauni, Mombasa, kesi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya sufuria la pilau: limeazimwa kwa ajili ya harusi, likarudi na tundu. Mwenyewe ataka pesa. Aliyeazima asema tundu lilikuwapo, lilizibwa kwa unga. Hapo kila upande una nusu ya haki. Ukimfanya mmoja mwongo mtupu, watu watabadilisha stesheni.

Kisha nenda kortini ukakae. Kesi nyingi husikizwa wazi. Zima simu, kaa nyuma. Mie nilikwenda siku 3. Hakimu wetu hana nyundo, ile ni ya Wamarekani, na waigizaji wakiiona kila mmoja ataka kuigonga. La maana zaidi ni karani. Hakimu auliza kwa Kiingereza, karani atafsiri, shahidi ajibu kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na kichekesho kiko hapo katikati. Mwigizaji wako bora mpe ukarani. Uhakimu mpe mtu mwenye subira tu.

Kesi ya sufuria ni ya madai, kwa hivyo kuna mdai na mdaiwa. "Mshtakiwa" mwachie mwizi. Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya, iliyowekwa na sheria ya 2016, haipokei dai linalozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisemea bila wakili. Basi usituletee wakili wa suti, dakika 5 zitaliwa na "Mheshimiwa" tupu. Talaka na mirathi ya Waislamu ni za kadhi. Usimpe hakimu huyuhuyu.

Mazungumzo usiyaandike. Marekani walipoanzisha kipindi chao cha runinga cha mahakama ya talaka mwaka 1957, wanandoa walikuwa waigizaji wakicheza kesi zilizotoka mahakamani. Sisi hatuna mafaili ya kesi, tuna vikaratasi. Kila mtu hupewa chake: anayoyajua, na jambo moja analolificha. Mdaiwa wetu alificha kwamba sufuria alimwazimisha jirani naye. Hakimu haoni karatasi ya yeyote, na hukumu aitoa palepale. Mwenye sufuria aliposhindwa alinuna kikweli. Hatukusemeshana mpaka Ijumaa. Sura ile huwezi kuifundisha kwenye mazoezi.

Kiapo tunakiruka. Msahafu hauingii kwenye vichekesho, mkaaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Shahidi akionekana, ameshaapa.

Siku ya kurekodi zima pangaboi, maiki hulipenda kuliko sauti ya mtu. Mtatota jasho, kwa hivyo anzeni alfajiri kabla tuktuk hazijaamka. Na sufuria lenyewe liwepo kizimbani, lishikwe, lionyeshwe mwangani. Letu tuliliazima mtaa wa pili, tundu tukalitoboa wenyewe kwa msumari.

Mwenyewe bado atudai.