Jiko la mkaa, jenereta na hita za gesi: usiwashe ndani kabla hujajua haya

Watu wengi wanaogopa moshi, na shida inaanzia hapo hapo, maana mkaa ukishakolea ukawa mwekundu bila moshi mtu anaona sasa poa, tuliingize jiko ndani litupe joto. Kumbe mkaa uliokolea ndio unamwaga kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, yaani hakuna cha kukushtua. Ukiivuta inaing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na kitu, kwa hiyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa.

Cha kwanza kabisa, usilale na kitu kinachowaka. Hata jiko lililobaki majivu juu lina makaa chini, litoe nje kabla hujapanda kitandani. Na ile ya kuweka sufuria ya maji juu ya jiko eti maji yanyonye sumu, hamna kitu, hayanyonyi. Barakoa na kitambaa kibichi navyo ni hivyo hivyo. Dirisha moja lililoachwa wazi kidogo ni kujidanganya. Mimi kwa mkaa msimamo wangu ni nje tu, basi. Ila kama unapikia jiko la gesi, fungua sehemu mbili zinazotazamana ili hewa ipite, isizunguke tu humo humo.

Jenereta ndio balaa kuliko vyote, na watu wanaliweka koridoni au gereji kisa mvua au wezi. Linatakiwa nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, la jirani likiwemo, na bomba la moshi liangalie kusiko na watu. Gereji hata ukiacha mlango wazi haitoshi. Mvua ikikusumbua lijengee kipaa bila kuta. Gari nalo usilipashe moto ndani ya gereji.

Kwenye gesi angalia rangi ya moto. Bluu ni sawa, ukiona njano njano na sufuria zinashika masizi ujue haiungui vizuri, safisha vile vitundu vya moto, na ikiendelea ita fundi. Hita ya maji ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje isikae bafuni kabisa, na hata yenye bomba kagua, ndege wanapenda kujenga viota humo. Jiko la kupikia sio la kupashia chumba joto.

Ukiweza nunua alamu ya kaboni monoksidi. Ile ya moshi haiigundui gesi hii, ni vitu viwili tofauti! Ifunge karibu na vyumba vya kulala, bonyeza kitufe cha kujaribia kila mwezi, na usome tarehe ya kuisha, nyingi zinaishi kati ya miaka 5 na 10. Halafu jua kwamba zimetengenezwa zisipige kelele ovyo, gesi ikiwa kidogo inaweza kukaa kimya zaidi ya saa nzima, kwa hiyo isikupe kiburi cha kuwasha jiko chumbani.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu, kama mafua makali ila homa hakuna. Kinachoitofautisha ni kwamba mnaumwa wengi kwa wakati mmoja na mkitoka nje mnapata nafuu. Hapo usianze kutafuta chanzo, tokeni wote kwanza, mlango muuache wazi, mpige simu ya dharura. Aliyezimia mburute nje, usikae kumhudumia humo humo.

Hospitali sema wazi kwamba kulikuwa na jiko au jenereta likiwaka ndani, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinasoma oksijeni iko sawa wakati haiko, inatakiwa kipimo cha damu. Ukipumua hewa ya kawaida gesi iliyo kwenye damu inapungua nusu kwa saa 4 hadi 6, ukipewa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu. Mjamzito aende hata kama anajisikia mzima, mtoto tumboni anaathirika kuliko mama.