Kunguni nyumbani Lamu: kuwamaliza pamoja na mayai yao

Kunguni hawamalizwi kwa kopo moja la dawa. Ukipuliza usiku mmoja, wazima wachache watakufa na chumba kitatulia, kisha baada ya wiki mbili utaamka tena na alama mwilini. Sababu ni mayai. Dawa nyingi haziyagusi, na katika joto la pwani yai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Kwa hiyo hesabu ya kazi hii ni raundi tatu: siku ya kwanza, siku ya 14 na siku ya 28. Ukiacha ya pili, ya kwanza ilikuwa bure.

Kabla ya yote, hakikisha ni kunguni. Vipele si ushahidi wa kutosha, maana watu wawili wanaolala kitanda kimoja, mmoja huvimba na mwingine haonyeshi chochote, na pengine vipele huchelewa siku kadhaa. Viroboto huuma zaidi miguuni. Anayehitaji uangalifu ni papasi, ambaye pia hutoka usiku kwenye nyufa za nyumba za udongo, lakini ana miguu minane na huleta homa ya papasi. Kunguni ana miguu sita, ni bapa, wa rangi ya kahawia, urefu wa milimita 5 hivi, na akishiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Haijathibitika kwamba huambukiza malaria, Ukimwi wala ugonjwa mwingine. Anachokuachia ni mwasho, kukosa usingizi, na vidonda ukijikuna.

Tafuta mchana, kwa tochi na sindano. Anza mchagoni, maana kunguni hukaa karibu na anayelala. Pindua godoro ukague mishono na pembe. Kwenye kitanda, angalia pale mifumbati (mbao za ubavuni) inapoingia kwenye matendegu (miguu ya kitanda), chini ya chaga, na ndani ya matundu ya skrubu. Samadari la zamani lenye nakshi lina maficho mengi kuliko kitanda cha chuma, na kitanda cha kamba kina zaidi ya vyote. Dalili ni vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ya wino, ambavyo ukivipangusa kwa kitambaa chenye maji huacha rangi ya kutu. Ngozi nyepesi walizojivua. Na mayai meupe ya milimita 1 yaliyogandamana na mbao. Kisha panda ukutani: zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizo karibu na kitanda, nyufa za chokaa, na pale boriti zinapoingia ukutani.

Jambo la kwanza watu hukosea ni kuhamia chumba kingine. Kunguni wenye njaa hukufuata, au nawe huwabeba kwenye mto, na sasa vyumba viwili vina tabu. Endelea kulala hapo hapo.

Nguo, mashuka na foronya zifunge kwenye mfuko ukiwa bado chumbani, usizikokote ukumbini. Zinazostahimili, zichemshe. Kwa mashine, joto la nyuzi 60 kwa nusu saa latosha. Zisizofaa kuchemshwa ziweke kwenye mfuko mweusi wa plastiki, tabaka jembamba, juu ya dari ya saruji au mabati kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, ukigeuza katikati. Ndani lazima joto lifike nyuzi 50 na likae zaidi ya saa moja. Kipimajoto cha jikoni kitakuambia. Mfuko uliojazwa tele hupata joto nje tu, na katikati kunguni wako salama. Godoro nalo ni vivyo hivyo: kulianika juani hakutoshi, kwa sababu sponji huzuia joto na wadudu huhamia upande wa kivuli. Sugua mishono yake kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, kisha mimina maji ya moto kwenye mshono wenyewe, kidogo kidogo, na likauke kabisa. Godoro la sufi lifumue, sufi ianikwe ikiwa imetandazwa, na kitambaa kichemshwe.

Kitanda ndicho penye kazi kubwa. Kitoe uani, kifungue chote. Chukua birika lenye mdomo mwembamba, maji yakiwa yanachemka, na umimine polepole huku mdomo ukikaribia kabisa ufa. Ukimimina kutoka juu, maji hupoa kabla ya kufika. Kila kiungo kipate maji mara mbili, na tenga lita 6 hadi 8 kwa kitanda kimoja. Kamba za kitanda zichemshwe sufuriani au zitupwe zisukwe mpya. Mbao zikikauka, ndipo uunganishe.

Chandarua chenye dawa usikichemshe. Kifue kwa maji baridi na sabuni laini, ukianike kivulini, na mayai ya kwenye mishono uyatoe kwa sindano.

Nyufa za ukuta zisafishe, uzizibe kwa chokaa. Usitumie saruji kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe: hunasa unyevu na ukuta huharibika.

Dawa huja mwisho, na kwenye nyufa tu, si hewani wala juu ya mashuka. Nunua yenye lebo iliyotaja kunguni na namba ya usajili, ufuate kipimo chake. Kunguni wengi wamezoea dawa za jamii ya pareto, basi ukiona wanatembea juu ya dawa siku ya pili, kuongeza kipimo hakutasaidia, badili aina. Mafuta ya taa yaache kabisa, kwani katika Mji wa Kale nyumba zimegusana na moto hauna mlango mmoja. Vidonge vya kuhifadhia nafaka ni hatari zaidi: gesi yake huua watu waliolala, hata chumba cha jirani.

Kisha tenga kitanda na ukuta kwa shubiri moja, shuka lisiburure chini, na kila tendegu likae kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Badilisha maji kila siku ya tatu, mbu wasizaliane. Yatazame asubuhi: wanaonaswa hukuonyesha hali ya chumba.

Mgeni anaposhuka Mokowe, gati la upande wa bara, na kuvuka na mizigo, hasa msimu wa Maulidi nyumba zinapojaa, begi lisiwekwe kitandani. Likaguliwe uani. Godoro la mkono wa pili nalo lisivuke kizingiti kabla ya kupigwa tochi.

Hesabu wiki 8 bila kidoa kipya wala kipele kipya. Kidoa kimoja kikitokea, hesabu yaanza upya kutoka raundi ya kwanza.